Siku Zilizosimama: Neno kwa Vijana wa Miaka ya Ebola na Korona

Masomo: Mwanzo 37 na 39 hadi 41, Zaburi 90

  Neno la leo ni la vijana, wale walio kati ya miaka 18 na 30, hapa Butembo, kule Beni, Lubero, na popote redio hii inapofika. Wababa na wamama, msizime redio. Kabla ya kumaliza nitakuja kwenu.

Kwa miezi mingi sasa vijana wananifuata baada ya ibada na kuniuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja anasema: "Pasta, nimechelewa." Mwingine anasema: "Miaka yangu imeliwa." Dada mmoja aliniambia mwanzoni mwa mwaka wa 2022: "Kwenye kadi nina miaka 23, lakini ndani yangu ningali na 19. Ni kama saa yangu ilisimama." Nilimwomba ruhusa nilitumie neno lake bila kutaja jina lake, naye akakubali. Neno hilo ndilo tutakalolijibu leo. Saa ikisimama, je, mtu naye anasimama? Mimi ni nani, ikiwa mambo yote yaliyopaswa kunifanya mtu mzima hayakufika kwa wakati wake?

1. Kwanza tukumbuke yaliyotokea

Ndugu zangu, sisi wa upande huu hatukuanza kufungiwa na Korona. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, kule Mangina. Tangu siku ile tulijifunza kuhesabu kwa namna mpya. Ukiwa umemgusa mgonjwa, unahesabu siku 21, na kila siku watu wanakuja kukupima joto mbele ya majirani. Ugonjwa ukiisha, nchi nzima inahesabu siku 42 kabla ya kusema umekwisha. Tulinawa mikono kwenye kila barriere. Tuliacha kushikana mikono, na katika makanisa yetu, sisi tunaokumbatiana, tulisalimiana kwa kiwiko.

Mwaka ule ule, aliyekuwa ametimiza miaka 18 alingojea kura yake ya kwanza, tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018. Siku nne tu kabla ya kura ilitangazwa kwamba Beni na Butembo watangoja hadi mwezi wa tatu 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mbaya. Rais aliapishwa tarehe 24 mwezi wa kwanza, kura yetu ikiwa bado. Sisemi hili kwa ajili ya siasa. Ninalisema kwa sababu kuna kijana aliyengoja siku ya kwanza ya kuitwa raia mzima, na siku ile ikampita akiwa mlangoni.

Kisha mwaka 2020 ukaja. Tarehe 10 mwezi wa tatu mgonjwa wa kwanza wa Korona akatangazwa Kinshasa. Tarehe 18 Rais akatangaza kufunga shule, vyuo vikuu na makanisa. Huku kwetu tulikuwa tunamalizia siku 42 za Ebola. Mwisho wake ulikuwa utangazwe tarehe 12 mwezi wa nne, na siku ile ilikuwa Pasaka. Mnakumbuka kilichotokea? Tarehe 10, Ijumaa Kuu, zikiwa zimebaki siku mbili tu, mgonjwa mpya alionekana Beni. Tukaanza kuhesabu upya. Pasaka ile ilitukuta majumbani, makanisa yamefungwa, magonjwa mawili mlangoni, na hesabu imerudi mwanzo.

Ebola ile ilitangazwa imekwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikufa. Makanisa yalifunguliwa tarehe 15 mwezi wa nane. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili shule zikafungwa tena, hadi tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Na mwezi ule ule wa pili Ebola ikarudi huku kwetu Butembo. Mwezi wa kumi ikarudi Beni. Na katika miaka hiyo yote watu wa Beni waliendelea kuuawa mashambani, kama wanavyouawa tangu 2014.

Kwa nini ninazitaja tarehe hizi zote? Kwa sababu kuna watu wanaowaambia vijana wetu kwamba kuchelewa kwao ni kamba iliyofungwa na mtu wa ukoo. Kijana hakupata diploma kwa wakati, anaambiwa: "Ni tate yako, yule mama mzee wa kijijini, amekufunga." Kisha anaombwa dola za maombi ya kufunguliwa. Wapendwa, mimi ni mpentekoste. Ninaamini kwamba pepo wako na kwamba Yesu anawafukuza. Lakini shule yako haikufungwa na tate. Tarehe inajulikana, sababu inajulikana, na ilifungwa siku ile ile kwa watoto wa Goma, wa Kisangani na wa Lubumbashi. Je, tate mmoja wa kijijini alifunga shule za Kongo nzima? Mama yule mzee naye alikuwa ndani, anaogopa, anakungojea umpelekee sabuni. Ukimchukia kwa ajili ya neno la mtu anayetaka dola zako, utakuwa umepoteza miaka na umepoteza tate pia.

2. Yosefu na miaka kumi na mitatu

Fungua Mwanzo 37. Yosefu ana miaka 17. Ana baba anayempenda, ana kanzu, ana ndoto. Anajua yeye ni nani. Kwa siku moja tu anavuliwa kanzu, anatupwa katika shimo, anauzwa. Sasa nenda Mwanzo 41, mahali anaposimama mbele ya Farao. Maandiko yanatupa umri wake: miaka 30. Kati ya hapo ni miaka 13, na ndiyo ile miaka ambayo kijana anakuwa mtu. Wenzake wa Kanaani walikuwa wanaoa na kugawiwa kondoo zao. Yeye alikuwa mtumwa, kisha mfungwa.

Angalia alivyoitwa na watu. Mke wa Potifari alimwita Mwebrania, kwa dharau. Nyumbani mwa Potifari alikuwa mtumwa. Gerezani alikuwa mfungwa. Hakuna hata jina moja kati ya hayo alilolichagua mwenyewe. Hata alipomsaidia mnyweshaji wa Farao, mtu yule alitoka akamsahau, na Biblia inatuambia kwamba ilipita miaka miwili mizima. Vijana wa Beni na Butembo, ninyi mnaijua miaka miwili mizima.

Lakini soma polepole mwanzo wa sura ya 40. Asubuhi moja Yosefu anaingia mahali walipo wafungwa wawili wa Farao, anaona nyuso zao zimebadilika, anawauliza kwa nini wana huzuni leo. Mara nyingi tunaruka mstari huu tukikimbilia ndoto. Ngoja hapo kidogo. Kijana huyu amepoteza zaidi ya miaka kumi. Angekuwa na haki ya kuketi kwenye pembe ya gereza na kuhesabu hasara yake. Badala yake anaona uso wa mtu mwingine, tena anaona kwamba uso wa leo si ule wa jana. Mtu ambaye saa yake imesimama kabisa hatofautishi leo na jana. Yosefu alitofautisha. Ndani yake saa ilikuwa inatembea.

Hapo ndipo nilipomjibu yule dada. Nilimwuliza: "Mwaka 2019 na 2020 ulikuwa unafanya nini?" Akasema: "Hakuna kitu, Pasta. Nilikaa tu." Nikamwuliza tena, nani alikuwa anapika nyumbani mama alipokuwa kwenye siku zake 21? Akasema: "Ni mimi." Nani aliwafundisha wadogo kusoma shule zilipofungwa? "Ni mimi." Nani alikuwa anauza makala barabarani soko lilipopungua? Akanyamaza, kisha akaanza kulia. Dada huyo hakukaa tu. Alikuwa mama wa nyumba ya watu saba. Alikuwa anahesabu tu yale ambayo shule inahesabu.

3. Ulikuwa nani katika siku zile?

Kwetu ngazi ya utu uzima inajulikana. Unapata diploma ya Serikali, unapata kazi, unapeleka mbuzi za mahari, unaoa au unaolewa, unazaa, na hapo ndipo watu wanakuacha useme katika kikao. Ngazi hii si mbaya. Lakini magonjwa yalipoivunja, vijana wengi walidhani wao wenyewe wamevunjika, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kwamba mtu na ngazi yake ni vitu viwili.

Kumbukeni wale waliopona Ebola. Walitoka katika vituo vya matibabu, na wengine walikuta nguo zao zimechomwa, godoro limechomwa, majirani wanawakimbia. Umri wao, masomo yao, ndoa zao, vyote vilisimama. Lakini kwa kuwa walikuwa wameugua na kupona, waliweza kukaribia mahali ambapo wengine hawakuweza. Beni na Butembo, karibu na vituo vya matibabu, kulikuwa na nyumba za kulelea watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa ndani. Waliowabeba watoto wale, waliowanyonyesha kwa chupa na kuwaimbia usiku, walikuwa watu waliopona. Jambo lililowapotezea miaka ndilo lililowapa mikono ya kubeba mtoto ambaye hakuna mwingine angembeba. Niambieni, je, miaka hiyo ilikuwa mitupu?

Kumbukeni pia vijana wa Riposti. Wengi wenu mlipata kazi pale: kunyunyiza klorini, kuendesha magari, kupima joto, kuzika wafu. Mlivaa jile na baji, mkalipwa kwa dola, mkaheshimiwa mtaani. Kisha ugonjwa ukatangazwa umekwisha, mkataba ukaisha, jile ikarudishwa. Kijana aliyekuwa "wa Riposti" akaamka asubuhi si wa kitu chochote. Hilo nalo ni somo. Ikiwa utu wako ulikuwa kwenye baji, utaondoka pamoja na baji. Lakini kama ulimzika mtoto wa mtu kwa heshima, mama yake akitazama kwa mbali na hawezi kumgusa, jambo lile limebaki ndani yako, na hakuna mkataba unaoweza kulichukua.

Nisiwafiche. Kuna vijana waliotumia miaka hiyo kurusha mawe kwenye magari ya wauguzi na kueneza uongo kwamba ugonjwa haupo, na watu waliowaamini walikufa. Wao pia saa yao haikusimama. Walikuwa wanakuwa kitu fulani. Kwao neno la Mungu leo ni toba, na mlango wa toba ungali wazi.

4. Mengine hayarudi

Sasa kuna wahubiri wanaochukua Yoeli 2, mahali Mungu anapoahidi kufidia miaka iliyoliwa na nzige, na kuwaambia vijana: "Yote yatarudi, mara saba." Someni sura ile hadi mwisho. Fidia ile inakuja kwa njia ya mvua, nafaka, divai na mafuta. Ni mavuno ya mbele. Mungu hakuirudisha kalenda nyuma.

Angalia Yosefu tena. Alipomwona baba yake uso kwa uso, alikuwa amefika miaka 39. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu siku ya kanzu. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba alirudishiwa miaka 17 yake. Kuna kijana ananisikiliza ambaye Ebola ilimchukulia baba na mama katika juma moja. Sitakuja kwako na neno jepesi. Hao hawatarudi katika maisha haya, na Mungu hakukatazi kulia. Yosefu mwenyewe alilia sana hata Wamisri wakasikia.

Lakini alifanya jambo lingine. Alipopata watoto wawili aliwapa majina, na majina yale yalikuwa ni hesabu ya miaka yake. Manase, kwa sababu Mungu amemsahaulisha taabu yake. Efraimu, kwa sababu Mungu amempa uzao katika nchi ile ile ya mateso yake. Hakusema nchi ile haikuwa ya mateso. Alisema katika nchi ile alizaa matunda. Yote mawili ni kweli, na mtu mzima ni yule anayeweza kuyasema yote mawili.

Mimi mwenyewe nilikuwa darasani mwaka 1996 vita vilipoingia Kivu. Nilipata diploma nikiwa nimeshapita umri. Leo nikisimama kuhubiri, hakuna anayeniuliza niliipata mwaka gani. Wananiuliza kama nitakwenda kumwombea mgonjwa.

5. Jinsi ya kuhesabu

Zaburi 90 ni maombi ya Musa, mtu aliyekaa miaka 40 Midiani akichunga kondoo za mkwewe, na miaka 40 mingine jangwani pamoja na taifa lililokuwa linazunguka. Kama kuna mtu aliyejua siku zisizotembea, ni yeye. Na katika maombi yale anamwomba Mungu amfundishe kuhesabu siku, ili moyo upate hekima. Maana kuhesabu ni jambo la kufundishwa. Tulijifunza kuhesabu 21 na 42 kwa ajili ya mwili. Sasa tujifunze kuhesabu kwa ajili ya moyo. Nawapa mambo matatu ya kufanya juma hili.

La kwanza, chukua daftari. Fungua ukurasa mmoja kwa kila mwaka: 2018, 2019, 2020, 2021. Katika kila ukurasa andika: nilipoteza nini, nilijifunza nini, nilimtunza nani, nilimkosea nani. Usiandike kwa haraka. Kisha umpelekee mtu mzima mmoja unayemwamini, mmeze mate, msome pamoja, muombe pamoja.

La pili, usikimbize miaka. Ninaona vijana wanaoa baada ya majuma matatu kwa sababu wanasema wamechelewa. Wengine wanachukua deni la pikipiki ambalo hawataweza kulilipa. Wengine wanaambiwa kwamba kule msituni kuna bunduki na njia ya mkato ya kuwa mtu. Kijana wangu, anayekuambia hivyo anajua unaogopa umechelewa, na hofu hiyo ndiyo anayoinunua kwa bei rahisi. Mwambie hapana, kisha uje utuambie sisi.

La tatu, anza mahali ulipo kweli. Kama una miaka 22 na unapaswa kuketi darasani na wa miaka 17, keti. Wachekee wakikucheka. Kama ni kujifunza kushona au kujenga kwa fundi mwenye umri kama wako, jifunze. Yosefu hakungoja atoke gerezani ndipo aanze kuona nyuso za watu.

6. Kwa wazazi na kwa kanisa

Wababa na wamama, niliahidi kuja kwenu. Acheni kuwahesabia watoto wenu mbuzi za mtoto wa jirani. Mtoto aliyekuosha miguu ulipokuwa mgonjwa, aliyekwenda kuchota maji kukiwa na risasi, aliyekaa bila kazi lakini hakuiba, huyo amekua. Mwambie. Wengi wao hawajawahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwa baba.

Na sisi wachungaji na wazee wa kanisa: katika makanisa yetu mtu asiyeoa, hata akiwa na miaka 30, anaketi kwenye benchi la watoto, hana sauti katika kikao. Bwana wetu Yesu hakuoa. Paulo alisema wazi kwamba anaishi bila mke. Je, tungewaweka wapi? Wapeni vijana hawa kazi ya kweli: kuwatembelea yatima wa Ebola, kuwafundisha kusoma wale walioacha shule, kushika hesabu za sadaka. Na tusiwauzie maombi. Tulipewa bure.

Sasa tuombe. Baba, unawajua vijana wa miji yetu na vijiji vyetu. Ulikuwapo siku ambazo kanisa lilifungwa. Wafariji waliozika wazazi kwa mbali. Wasamehe waliorusha mawe. Wape macho ya kuona uso wa jirani, na mikono ya kuanza mahali walipo. Wazuie wasikimbilie bunduki. Utufundishe sisi wazazi kuwaita kwa jina lao la kweli. Roho Mtakatifu, katika nchi hii ya taabu, uwape matunda. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki. Daftari lisikose nyumbani juma hili.